Maji Nyuma ya Magari

Mgeni akifika Kargıağzı hushuka garini, huvuta pumzi ndefu kana kwamba huko alikotoka walimnyima hewa, kisha husema, "Jamani, kimya hiki." Nimekaa mlangoni pa mkahawa wangu wa chai miaka thelathini na miwili, na neno hilo limenitokea puani. Kimya anachokisifu ni cha vijana waliokwenda Istanbul kutafuta kazi na hawakurudi. Shule yetu ilifungwa kwa kukosa watoto, sasa ni hoteli, na chumba cha darasa la tatu, nilimochapwa kwa kutojua kugawanya, kina beseni la kuogea la watu wawili. Wageni wanasema chumba hicho kina roho.

Mto wetu ni mfupi, wa kijani, hauna haraka. Unatoka msituni, unazizunguka nyumba zetu, halafu unaingia Bahari Nyeusi pale ambapo kila kiangazi mchanga huuziba mdomo wake, maji yakasimama na kuanza kunuka. Wageni wanaiita harufu ya asili. Wanapanda vile vyombo vya plastiki vyenye shingo ya bata maji, wanapiga pedali, wanagongana, wanacheka, wanawapiga picha vyura. Jua likizama wanakwenda kumlalamikia mwenye hoteli kwamba vyura wanapiga kelele. Bwana mmoja mwenye kofia ya majani aliwahi kuniuliza vyura huzimwa saa ngapi. Nikamwambia saa nne, baada ya sala ya Isha, naye akanishukuru akaenda zake kusubiri.

Nasema haya nikijua kwamba mimi si bora kuliko hao. Nilimkodisha Vedat, mwenye hoteli, kipande changu cha ukingo, nikavaa kizibao alichoninunulia ili nifanane na mtu wa kijiji, mimi niliyezaliwa kijijini. Chai ninayowauzia wageni ni ileile ninayowapa jirani zangu, ila ya wageni inakuja juu ya kipande cha gogo badala ya kisahani. Karibu kijiji kizima tulifanya hivyo. Tulilaumiana kidogo, kisha tukanyamaza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lake la kuficha.

Aliyebaki na ukingo wake alikuwa mtu mmoja tu, Nazmiye, mjane wa Dursun mvuvi, na habari hii ni yake.

Nyumba yake ni ya mbao zilizoiva weusi kwa mvua, ya ghorofa moja, na bustani yake ya maharage, sukumawiki na pilipili inateremka hadi majini. Kuna mti mmoja mkubwa wa mforsadi, na chini yake jiwe ambalo Dursun alikuwa akifungia mashua. Kulia kwake ni majukwaa ya hoteli ya Vedat, kushoto kwake ni majukwaa ya hoteli ya Vedat, na yeye katikati kama pengo kwenye meno ya dhahabu. Kuku wake huvuka wakitaka, wakaingia chini ya meza za watu wanaokula vile vifungua kinywa vya visahani thelathini. Asali ya visahani hivyo hutoka kwenye ndoo za jumla mjini, jemu vilevile, na mayai Vedat huyabandika vijiti vya majani makavu kwa mate ili yaonekane yameokotwa leo. Kuku pekee wa kienyeji ni hao wa Nazmiye, na wageni huwafukuza kwa vitambaa vya meza.

Nazmiye ana miaka sabini na mmoja, mfupi, mnene, magoti yake yameharibika lakini ulimi wake mzima kabisa. Ananizidi miaka sita, kwa hiyo mimi namwita dada, na yeye ananiita vyovyote anavyojisikia siku hiyo.

Kwetu mtu akisafiri, anayebaki humwaga maji nyuma yake barabarani, ili aende salama kama maji yanavyokwenda na arudi kama maji. Tumeyakuta hayo kwa mama zetu. Miaka kumi na tisa iliyopita, mwana wa pekee wa Nazmiye, Tuncay, alipanda basi la saa moja asubuhi kwenda Bursa kwenye viwanda vya magari. Nilikuwepo. Nazmiye alibeba jagi jekundu la plastiki, lile la kumwagilia pilipili. Basi lilipoondoka aliyamwaga maji yote kwa mkupuo mmoja, akasema, "Nenda kama maji, mwanangu, urudi kama maji." Halafu akasimama na jagi tupu mkononi mpaka basi likakata kona ya daraja.

Tuncay alirudi kila Idi, kisha Idi moja akaja na moja akaruka, kisha ikawa simu. Aliacha kiwanda akafungua duka lake la kuuza magari yaliyotumika, akaoa mwanamke asiyependa mbu. Alikuwa hajakanyaga kijijini miaka sita, na Nazmiye alikuwa na sababu ya kila mwaka, hii ya kazi, hii ya theluji, hii ya mtoto kuota meno. Mtoto huyo ameota meno muda mrefu sana.

Sasa Vedat. Vedat ni wa hapahapa, mtoto wa mlinzi wa msitu, aliyeondoka na suruali moja na kurudi na wahandisi. Alikuwa akiitaka bustani ya Nazmiye tangu siku ya kwanza, maana ndiyo sehemu pekee ya ukingo ambako jua hupiga asubuhi yote. Alimwendea na baklava, alimwendea na imamu, alimwendea na daktari wa magoti. Nazmiye alikula baklava, akaitikia dua, akanyoosha goti likakandwa, na bustani ikabaki yake.

Halafu siku moja familia iliyopanga chumba chake cha juu ikaondoka, naye kwa mazoea tu akamwaga maji nyuma ya gari lao. Yule mama wa Istanbul akashuka garini analia, akamkumbatia, akamwomba amwage tena ili apige picha. Kufikia jioni picha hiyo ilikuwa imetembea nchi nzima. Vedat akaja mbio. Safari hii hakutaja kununua chochote, aliweka mkono juu ya mkate uliokuwa mezani. Alisema, "Shangazi, mwagia wageni wangu maji kila Jumapili, na mimi sitakusumbua tena juu ya bustani. Naapa kwa mkate huu."

Nazmiye akanijia mkahawani kunitaka ushauri, jambo asilolifanya mara nyingi.

"Maji ni ya mto," nilimwambia. "Utapoteza nini?"

Alinitazama, akasema, "Wewe huwa huoni unachopoteza mpaka wakuletee risiti." Lakini alikubali, kwa sababu ya bustani.

Ikawa kila Jumapili saa sita mchana. Vedat alimnunulia jagi la shaba la kale, lililotengenezwa mwaka uleule, na suruali pana ya maua ambayo hata bibi yangu asingekubali kuzikwa nayo. Wanawake wengine wakaona wivu, nao wakaanza kumwaga. Kuna Jumapili magari arobaini yaliondoka kwa mpigo, mikono ikachoka, Vedat akafunga mpira wa maji kwenye nguzo ya lango. Ukafanya tope hata gari la mwanasheria mmoja likazama hadi ekseli, akavutwa na trekta, na wenzake wakapiga picha trekta. Baada ya hapo mpira ukaondolewa, wanawake wengine wakaambiwa wapumzike, akabaki Nazmiye peke yake. Langoni kukawekwa ubao: aliyemwagiwa na Bibi Nazmiye lazima arudi. Na walirudi kweli, hao. Wanaweza kukosa njia ya kwenda kuona mama zao, lakini Kargıağzı walirudi.

Nilikuwa nikimwona anasogeza midomo anapomwaga, na wageni wakiinamisha vichwa kwa heshima. Jumapili moja nikasogea karibu nisikie. Mbele yake palikuwa na bibie mmoja mwenye mbwa aliyevishwa koti mwezi wa sita. Nazmiye akamwaga maji taratibu, uso umejaa huruma, huku akinong'ona, "Nenda na mbwa wako mwenye koti, na ukirudi uukute mto umehama."

Yule bibie akaweka mkono kifuani. "Bibi, ni dua gani hiyo? Niandikie, tafadhali."

"Ni ya zamani, binti yangu," Nazmiye alisema. "Haiandikiki."

Magari yalipokwisha nilimwuliza kama haogopi.

"Niogope nini? Maji matupu hayafanyi kitu. Kazi ni ya maneno, na yale ya kweli nimeyaweka."

"Umemwekea nani?"

Alinitazama jinsi unavyomtazama mbuzi aliyeingia msikitini. Basi nikakumbuka kona ya daraja, nikaona haya.

Miaka sita akawamwagia watu asiowataka, na mtu aliyemtaka hakuja. Kisha mwaka jana, Alhamisi ya mwezi wa saba, siku isiyo ya Idi wala ya msiba, gari jeupe likasimama mbele ya nyumba yake. Nazmiye alikuwa kwenye maharage. Alisimama haraka kuliko magoti yale yanavyoruhusu. Tuncay akambusu mkono, akauweka kwenye paji la uso kama alivyofundishwa, na mama akamshika kichwa akakataa kukiachia. Nilikuwa upande wa pili wa njia. Nilijipa kazi ya kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Siku mbili tukamsikia Nazmiye anaimba. Alipika mkate wa mahindi, sukuma na maharage, unga wa mahindi uliokorogwa kwa siagi na jibini mpaka unavutika kama kamba. Alinibebea sahani, yeye ambaye hata chumvi hakuwahi kunikopesha. "Mwanangu amekuja bila kuitwa," alisema. Nilipokea sahani nikageukia birika, kwa sababu nilijua aliyemwita. Vedat alikuwa amenieleza tangu majira ya kuchipua kwamba hatamsumbua Nazmiye, ameapa kwa mkate, atampigia simu mwanawe. Nami nilikunywa chai yake nikamwambia ni akili hiyo.

Jumamosi asubuhi wakaketi chini ya mforsadi, mama na mwana, chai mezani. Vedat akaja na faili la plastiki, akanipungia mkono nijiunge nao. Nilikwenda. Ningeweza kusema nilikuwa na wateja.

"Shangazi," Vedat alianza, "hatubomoi hata msumari. Nyumba inabaki kama ilivyo. Sisi tunaitia uhai tu."

"Mimi ninayeishi humo ni nini? Panya?"

"Mama, msikilize kwanza," Tuncay alisema. Alikuwa amenenepa shingo na alikuwa akiangalia kikombe. "Kutakuwa na jukwaa la kifungua kinywa hapo majini, basi. Na utakuwa na chumba chako juu. Imeandikwa."

"Imeandikwa mpaka lini?"

Tuncay akaanza kukoroga chai yake.

"Mpaka nife. Litamke tu, mwanangu, haling'ati."

Vedat akafungua faili, akatoa mchoro wa rangi. Langoni palikuwa na picha ya Nazmiye, kubwa kama mlango, jagi mkononi. "Tutaliita kwa jina lako, shangazi. Nani amewahi kufanyiwa heshima hiyo akiwa hai?"

"Na kuku wangu umewachora?"

"Kuku... watu wa afya hawataruhusu, shangazi."

"Basi hata hapo siyo kwangu."

Tuncay akasukuma kikombe. "Mama, tusizungushane. Duka langu linakufa. Naamka usiku nahesabu madeni ukutani. Alichoacha baba, robo tatu ni yangu kisheria, wewe ni robo, na unajua ningeweza kwenda mahakamani. Sikwenda. Nimekuja kukuomba mkono wako, usaini."

"Ulikuja kuuomba, ndiyo. Nilidhani ulikuja kuubusu."

Sikuweza kuvumilia, na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nikasema kwa ile sauti ya upole tunayoitumia tunapotetea mfuko wa mtu mwingine, "Dada, magoti yako hayapandi ngazi tena. Kijana ana shida. Bustani ni mboga tu."

Nazmiye hakunitazama. "Hurşit, wewe ulitoa ukingo wa baba yako ukapewa kizibao. Kunywa chai yako, itapoa."

Nikanywa. Ilikuwa chungu, au mdomo wangu ndio ulikuwa mchungu.

Tuncay akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, sasa ulikuwa wa mtu anayefunga mauzo. "Basi kesho mchana naondoka. Usiposaini kabla sijaondoka, usinitazamie tena. Si Idi, si ugonjwa, si mazishi. Nakuambia mbele ya mashahidi."

Sisi mashahidi tukatazama mto. Nazmiye akachukua kisahani cha jibini akakisogeza upande wa mwanawe.

"Kula," alisema. "Hujala kitu."

Jumapili nilidhani Vedat angekuwa na aibu kidogo. Nilikosea, na ni kosa la kizee, kudhani mtu ana kitu kwa sababu baba yake alikuwa nacho. Saa tano alishika kipaza sauti akawatangazia wageni waliokuwa wakimalizia mayai kwamba leo wana bahati, leo Bibi Nazmiye atammwagia maji mwanawe wa kumzaa, waliopotezana miaka mingi. Watu wakaacha mabata ya plastiki yakielea wakaja mbio. Walijipanga pande mbili za njia na simu juu. Walikuwa wengi kuliko waliokuja kumzika Dursun.

Gari jeupe likatoka uani. Kijana mmoja mwenye kamera kubwa akalisimamisha, akamwambia Tuncay kwa adabu kwamba mwanga unampiga kisogoni, kama angerudi nyuma hatua kumi na kuanza upya. Nilingoja Tuncay amtukane. Nilimtakia kwa moyo wote amtukane. Akaweka gia, akarudi nyuma hatua kumi.

Nazmiye akatoka na lile jagi la shaba, limejaa, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa kama anavyokifunga nyumbani, bila ile suruali ya maua. Akasimama kando ya dirisha la gari.

"Mama," Tuncay alisema kwa sauti ya chini, "karatasi ziko kwa Vedat. Neno lako moja tu, nashuka nakula na wewe chakula cha mchana."

"Funga mkanda," Nazmiye alimwambia. "Barabara ya juu ina malori."

Gari likaondoka. Lilikwenda polepole, polepole sana, na nilimwona Tuncay ameinua macho kwenye kioo. Nazmiye akalinyanyua jagi hadi kifuani, na hapo mikono yake ikasimama.

"Shangazi, maji," Vedat alinong'ona.

Hakusikia, au alisikia.

"Mwaga basi, shangazi. Watu wanangoja."

Nazmiye akageuka. Akawapitia wale watu wenye simu kana kwamba ni ua wa miiba, akaingia bustanini, akayamwaga maji kwenye pilipili, shina baada ya shina, bila haraka, akijipinda kwa maumivu kila shina. "Zina kiu," alisema, kwa pilipili zenyewe.

Kule kwenye kona ya daraja gari jeupe lilikuwa limesimama. Taa zake nyekundu za nyuma ziliwaka. Alikuwa ameona. Akakaa pale muda wa mtu kunywa glasi ya chai mpaka mwisho, na sote tukamwona anangoja, mwanamume wa miaka arobaini na minne anangojea maji. Kisha taa zikazimika, gari likakata kona.

Mgeni mmoja akauliza kama itarudiwa. Vedat, ambaye angeuza hata jeneza likiwa njiani, akainua kipaza sauti akaeleza kwamba hiyo nayo ni desturi ya kale ya bonde hili, ya kubariki mboga siku mwana anaposafiri. Wakasema alaa, wakainama wakapiga picha pilipili.

Nazmiye akamrudishia jagi. "Chukua shaba yako. Kuanzia leo wamwagie mwenyewe."

Alasiri nilimpelekea mkate, maana sikujua cha kumpelekea. Alikuwa ameketi juu ya jiwe la Dursun, miguu majini.

"Nimemnyima maji mwanangu mbele za watu," alisema.

"Alistahili, dada. Mtu anayekuja kumng'oa mama yake..."

"Nani kakuuliza?" Akalia, bila kujificha, kamasi na machozi, na mimi nikasimama pale na mkate wangu. Nilimwambia nilijua. Nilimwambia Vedat alinieleza kabla ya kumpigia Tuncay simu na kwamba sikusema kitu. Hakushangaa. Alijifuta kwa ncha ya kitambaa, akasema, "Weka mkate hapo uende."

Gari la mikate haliingii kijijini, hushusha makreti darajani alfajiri, nami ndiye huyafuata kwa toroli. Jumatatu nilikuwa nimeinama nyuma ya makreti nikihesabu yangu niliposikia mtu anakokota miguu. Alikuwa Nazmiye. Alikuwa hajafika darajani miaka miwili, kwa magoti yale, na mkononi hakuwa na fimbo. Alikuwa na jagi jekundu la plastiki, lilelile, mpini wake umefungwa waya. Nusu ya maji yalikuwa yamemwagikia sketi yake njiani.

Sikusimama. Naomba nisamehewe, lakini hata kumsaidia kungekuwa ni kumtazama, na alikuwa ametazamwa vya kutosha.

Alifika pale gari jeupe lilipokuwa limesimama jana. Alipajua. Akakaa kidogo apate pumzi, kisha akayatupa maji yaliyobaki kwa mkupuo mmoja, kuelekea Bursa.

"Nenda kama maji, mwanangu," alisema.

Akanyamaza. Vyura wakaacha, na mimi nikafikiri hatalimalizia lile neno, nikafikiri labda ni haki yake kutolimalizia. Lami ilikuwa inakunywa maji polepole.

"Urudi kama maji," alisema. Kisha, kwa sauti yake ya kila siku, "Nyumba sikupi."

Akageuka akaanza kurudi, akishika ukuta wa daraja.

Nilipofika mkahawani nilivua kile kizibao nikakifutia meza. Saa mbili basi la kwanza la wageni likapita juu ya kona iliyokuwa bado imelowa, likasimama mbele yangu, akashuka bibie mmoja, akavuta pumzi ndefu, akasifu kimya chetu, akaniuliza yule bibi wa maji humwaga saa ngapi.

"Umechelewa," nilimwambia. "Ameshamwaga."